Nusu kaputi au ganzi ya mgongo kwa kichanga mwenye ngiri?

Mzazi akiambiwa mtoto wa miezi miwili anafanyiwa oparesheni ya ngiri, kinachomnyima usingizi sio kisu, ni ile dawa ya kulaza, na mi namuelewa kabisa.

Kwenye nusu kaputi mtoto anawekewa maski, anavuta gesi, analala fofofo. Ya mgongo anabaki macho, nesi anamshika amejikunja, anachomwa sindano nyembamba chini mgongoni na ghafla vile vimiguu vinalegea, wengine wakinyonyeshwa maji ya sukari wanasinzia wenyewe tu. Uzuri wake ni pumzi, zile dakika za mwanzo baada ya oparesheni hatari ya kuacha kupumua inapungua, na kwa njiti hilo ni jambo kubwa jamani. Ila inadumu kama saa moja hivi, na ikigoma mnarudi kwenye nusu kaputi ileile.

Na ubongo je? Utafiti wa GAS, uliolinganisha nusu kaputi na ganzi, ulichukua vichanga 722 kwenye nchi 7, majibu ya 2019 yakaonyesha walipofika miaka 5 IQ, yaani kipimo cha akili, ni kama 99 pande zote mbili. Lakini hapo ni usingizi wa mara moja, usiofika saa. Onyo la FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, la 2016 ni kwa walio chini ya miaka 3 wanaolazwa zaidi ya saa 3 au mara kwa mara.

Njiti ningemuombea ganzi, kama mtaalamu ameizoea. Aliyezaliwa miezi imetimia, nusu kaputi siiogopi, ningeuliza tu nani atakaa kichwani kwake muda wote na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinafanya kazi.