Darasa la Kireno la Jioni Shangani, kwa Mwanachuo Mwenye Sharti la Lugha ya Kigeni

Mwanachuo wa Mtwara ambaye kozi yake inamtaka afaulu lugha moja ya kigeni zaidi ya Kiingereza mara nyingi hukimbilia Kifaransa, kwa kuwa walimu wake hupatikana kwa urahisi zaidi nchini na mitihani ya DELF, ya vyeti vya kimataifa vya Kifaransa, hufanyika Alliance Française ya Dar es Salaam. Mimi nilichagua Kireno, nikajiunga na darasa dogo la jioni linaloendeshwa katika chumba cha kupanga eneo la Shangani. Sasa nimemaliza ngazi ya mwanzo, na naona ni haki nilieleze kwa undani, kwa sababu lina uzuri mkubwa na kasoro moja inayoweza kumgharimu mwanafunzi muhula mzima.

Uzuri wake ni mwalimu. Amekulia ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, anakijua Kireno, Kimakonde na Kiswahili, na hufundisha sarufi kwa kuanzia na tunachokijua. Tulipofika kwenye vitenzi, ambavyo huwavunja moyo wengi, alituonyesha kwamba Kiswahili humtaja mtendaji mwanzoni, ninasema, unasema, anasema, ilhali Kireno humtaja mwishoni, falo, falas, fala. Kwa hiyo tulichotakiwa ni kuzoeza masikio kusubiri mwisho wa neno. Jinsia za nomino alizifungua kwa njia hiyohiyo, kwani aliyelelewa na ngeli zetu na upatanisho wake hana sababu ya kutishwa na makundi mawili tu. Kigumu kweli kilikuwa sauti za puani, na hizo alizirudia bila kuchoka wala kumdhihaki mtu.

Kipindi cha mwisho cha kila wiki ni cha mazungumzo: kuuliza bei, kujaza fomu mpakani, kumpokea mgeni hotelini. Kwa anayesomea utalii au biashara huku kusini, ambako Daraja la Umoja la Mtambaswala limetuunganisha na Msumbiji tangu 2010, hayo ndiyo maneno ya kazini. Ada hulipwa kwa mwezi, na wenye wazazi wakulima husubiriwa hadi malipo ya minada ya korosho yatoke, ustaarabu ninaoushukuru sana.

Kasoro ni uthibitisho. Darasa hutoa cheti cha mahudhurio tu, na chuo changu hakikukipokea. Kilitaka ama nifanye mtihani wake wa ndani, ama nilete cheti cha kimataifa kama CIPLE, cha kiwango cha A2, kinachotolewa na CAPLE, kituo cha mitihani cha Chuo Kikuu cha Lisbon. Nilifanya mtihani wa ndani. Mazungumzo niliyafaulu vizuri, lakini insha nusura iniangushe, kwa sababu darasani uandishi hupewa muda mdogo mno, na kitini kimenakiliwa kutoka vitabu vya Brazili, hata mazoezi ya bei yanataja reali, fedha ya Brazili, badala ya metikali ya Msumbiji. Nilimweleza mwalimu, akakubali kuongeza zoezi la kuandika kila wiki.

Ninalipendekeza kwa moyo mmoja, ila kabla ya kulipa ada, mwanafunzi amwombe mratibu wa kozi yake maelezo ya maandishi kuhusu kiwango na ushahidi unaokubalika, kisha ampelekee mwalimu karatasi hiyo siku ya kwanza. Vipindi huanza saa kumi na moja jioni, na wanafunzi wapya hupokelewa mwanzoni mwa kila mwezi.