Hustler Fund kwa mchuuzi wa Mombasa: riba nafuu, muda mfupi

Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya, ulioanza Novemba 2022, huombwa kwa kupiga *254#. Kima cha chini ni shilingi 500, cha juu 50,000, na riba ni asilimia 8 kwa mwaka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Ukikopa 500, asilimia 5 hukatwa papo hapo na kuwekwa akiba, kwa hiyo mkononi unapata 475. Deni linabaki 500, na riba ya siku 14, ambao ndio muda wa kulipa, haifiki hata shilingi 2. Ni nafuu kweli, hilo halina ubishi. Ukipitisha siku 14, riba hupanda hadi asilimia 9.5 na alama zako za mkopo huporomoka.

Anayenunua nyanya soko la Kongowea alfajiri na kuzimaliza jioni, mkopo huu unamfaa sana. Fundi cherehani anayesubiri malipo ya Idi asiuguse. Na 500 haifungui biashara. Inajazia tu meza iliyokwisha kusimama. Kiwango unachoweza kukopa hupanda polepole, kwa anayekopa na kulipa mapema mara kwa mara.