Risasi za shabaha: za bunduki lipia, za bastola usijitese

Ni miezi minane sasa kila Jumamosi naenda reinji (uwanja wa kulenga shabaha) hapa Ohio kulenga karatasi, siwindi wala sio mambo ya ulinzi, karatasi tu, na hela niliyotia kwenye risasi imeshapita bei ya bunduki yenyewe. Naandika kwa mnaoanza, kuna hela mnaweza kuokoa.

Boksi la risasi ninalolipenda kuliko yote ni CCI Standard Velocity ya .22 LR, zile risasi ndogo nyembamba za bunduki. Kichwa cha risasi ni greni 40, kama gramu 2.6 hivi, na kinatoka kwenye mtutu kwa futi 1,070 kwa sekunde, yaani kama meta 326. Huo upole wa kasi ndo utamu wake. Sauti inakimbia kama meta 343 kwa sekunde, sasa zile .22 za kasi zinatoka zikiwa mbele ya sauti halafu njiani zinachoka zinashuka chini yake, na pale zinapovuka kichwa kinayumba, ukienda kuangalia karatasi matundu yametawanyika. Hii inatoka ikiwa chini tayari haina cha kuvuka. Yadi 50, bunduki nimeilaza kwenye mfuko wa mchanga, risasi tano zinakaa ndani ya inchi moja. Zile za kasi za boksi kubwa, bunduki hiyohiyo mkono huohuo, zilikuwa zinafika inchi mbili na kuna zilizogoma kabisa kulipuka. Ikigoma usiifungue bunduki haraka jamani, shikilia mtutu umeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 kwanza, inaweza kulipuka kwa kuchelewa.

Bastola ni habari nyingine. Nimetumia sana Federal American Eagle ya 9mm greni 115, ganda la shaba, inakula kwenye kila bastola niliyokodi na haijawahi kukwama. Nikashawishika nikanunua zile za mashindano za greni 147, bei karibu mara mbili, nikapiga zote siku moja yadi 15. Tofauti nimeisikia mkononi tu, 147 inasukuma taratibu wakati 115 inapiga kofi, lakini kwenye karatasi matundu ni yaleyale. Na nadhani sababu ni hii: bastola ni fupi, kutoka kilengeo cha nyuma mpaka cha mbele haifiki hata shibiri moja, ukivuta kifyatulio vibaya kidogo tu risasi imeshaenda pembeni kuliko kosa lolote la kiwandani. Kosa liko kwenye mkono, na mkono unarekebishwa kwa kupiga nyingi, kwa hiyo nunua za kawaida upige nyingi.

Kwenye bunduki kubwa hesabu inageuka. Federal Gold Medal ya .308, greni 168, kichwa cha kampuni ya Sierra, aina ya MatchKing, boksi lina risasi 20 tu na bei inauma kweli, sifichi. Ila bunduki ikishalazwa vizuri mkono wako hauharibu sana, kinachobaki ni risasi zenyewe zinafanana kiasi gani, baruti imepimwa sawa, vichwa vina uzito mmoja. Yadi 100 za kawaida zilinipa matundu ya upana wa inchi tatu, hizi zilishuka mpaka inchi moja na kidogo. Hapo nalipa bila kunung'unika. Na maganda yake usiyaache chini, ya .308 na 9mm za shaba yanajazwa upya, ya .22 hayajazwi kwa sababu fataki yake, ile inayowasha baruti, imo ndani ya ukingo wa ganda.

Kingine, kabla ya kununua za bei rahisi beba sumaku. Niliuziwa maboksi manne dukani, muuzaji hakusema kitu, kufika reinji ya ndani wakaweka sumaku ikanasa, chuma, nikarudishwa nazo nyumbani kwa sababu zinaharibu ukuta wa nyuma wa kuzuia risasi. Na ukimaliza kupiga nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujashika chakula au mtoto, vumbi la madini ya risasi (lead) ni sumu.

Bunduki mbili za aina moja zinaweza kupenda risasi tofauti, kwa hiyo anza na boksi moja moja usibebe katoni. Mi Jumamosi hii naipa .22 yangu boksi la Eley na la SK nione itachagua ipi.