Kigamboni Panakalika, Ila Mtaa Ndio Unaoamua

Swali la kama Kigamboni, wilaya ya Dar es Salaam iliyo ng'ambo ya bandari, panakalika halina jibu moja, kwa sababu Kigamboni yenyewe si moja. Ipo ya Feri na Tungi, ambako ukishuka kwenye kivuko unaweza kutembea hadi nyumbani. Ipo ya Kibada na Kisota, yenye viwanja vilivyopimwa na barabara za mitaa zilizonyooka. Ipo ya Mjimwema na Gezaulole, upande wa bahari, yenye hoteli za ufukweni na nyumba kubwa zilizozungushiwa ukuta. Halafu kuna Mwasonga, Kimbiji na Pemba Mnazi, ambako bado ni minazi, mikorosho na mabango ya kuuza viwanja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 317,902 katika wilaya nzima, wakati Temeke, jirani yake, ilikuwa na 1,346,674. Nafasi na hewa vipo. Vinavyosumbua ni kuvuka, maji na karatasi za ardhi.

Msimamo wetu ni huu. Kama kazi yako iko Posta, Kariakoo, Kurasini, bandarini au Temeke, Kigamboni ni chaguo zuri kuliko sehemu nyingi za Dar es Salaam zilizo umbali sawa na katikati ya jiji. Kama kazi iko Mwenge, Mikocheni, Tegeta au Ubungo, usihamie, hata ukipewa nyumba nzuri kwa kodi ndogo. Utavuka maji kwanza, kisha utaanza foleni ambazo wenzako wa upande ule wanaanza nazo kutoka mlangoni kwao.

Tuanze na kuvuka, maana hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kivuko cha Magogoni. Mwendo wenyewe majini ni wa dakika chache tu na nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo. Muda unaliwa na kusubiri. Kivuko kimoja kikienda matengenezo, vilivyobaki vinabeba mzigo wa vyote, na foleni ya magari asubuhi, kuanzia saa 12 hadi saa 2, inarudi nyuma hadi barabarani. Mwaka 2025 ziliongezwa boti ndogo za Azam Marine kwa abiria wa miguu, na zimempunguzia msongamano asiye na gari. Kwa hiyo Feri na Tungi panamfaa zaidi mtu wa miguu anayefanya kazi Posta: anavuka, anatembea, amefika. Mwenye gari asikitegemee kivuko kila siku.

Njia ya pili ni Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016 kati ya Kurasini na Vijibweni. Lina urefu wa mita 680 na njia sita, tatu kila upande, kwa hiyo darajani penyewe ni nadra gari kukwama. Tatizo liko mbele yake. Ukitoka darajani unaingia Kurasini, ukutane na malori ya bandarini yanayoelekea Barabara ya Mandela na magari ya Mbagala yaliyo kwenye Barabara ya Kilwa. Anayevuka kabla ya saa 12 na nusu asubuhi na anayevuka saa 1 na nusu hawasafiri safari moja. Halafu kuna tozo. Mtembea kwa miguu halipi, chombo cha moto kinalipa, kwenda na kurudi. Viwango vilipunguzwa mwaka 2022 na kukawekwa malipo ya siku, ya wiki na ya mwezi. Anayevuka kila siku ya kazi achukue ya mwezi. Kulipa kila safari kunamuumiza bila sababu. Tozo hii iingize kwenye kodi ya nyumba unapolinganisha na Mbagala au Tabata. Nyumba ya Kibada inayoonekana rahisi inaweza kulingana kabisa na ya Tabata ukishaongeza tozo na mafuta.

Njia ya tatu ni kuzunguka kwa barabara kupitia Kongowe, na kutokea Barabara ya Kilwa. Haina tozo, lakini ni ndefu, na inamfaa mtu wa Mbagala au anayekwenda Mkuranga.

Asiye na gari aangalie jambo moja zaidi: daladala ya mwisho. Mitaa iliyo kwenye lami ya Feri, Mjimwema na Kibada ina magari hadi usiku. Ukishaingia ndani, kuelekea Mwasonga au Amani Gomvu, magari yanapungua mapema na kinachobaki ni bodaboda na bajaji. Nauli ya bodaboda ya usiku, ukiilipa mara tatu kwa wiki, inakula akiba yote uliyodhani umeipata kwenye kodi. Kabla ya kulipia nyumba, simama kituoni siku ya Jumatatu saa 12 asubuhi, kisha rudi saa 3 usiku, uone magari yanavyojaa na yanavyokuja. Jumapili mchana, siku ambayo madalali wanapenda kukupeleka, barabara inadanganya.

Kwa nini mtaa mmoja umenyooka na wa jirani yake umesongamana? Historia ya mipango inaeleza. Mapema miaka ya 2000 mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam uligusa Kibada, Kisota, Mwongozo na Gezaulole, ndiyo maana huko kuna vitalu, namba za viwanja na barabara ambazo lori la maji au gari la zimamoto linapita. Kisha mwaka 2008 ukatangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Kwa miaka kadhaa wakazi wa kata nyingi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri fidia, na mpango haukufika mbali. Watu walibaki na nyumba zenye nyufa ambazo hawakuruhusiwa kuzikarabati, na hilo lilikuwa dhuluma kwa wenyeji. Ukisikia mtu wa Kigamboni anaupokea kwa mashaka mradi wowote unaotangazwa, usimlaumu. Na ukipita Dege utayaona maghorofa ya mradi wa nyumba uliokwama kwa miaka mingi. Kwa mnunuzi, funzo la hayo ni la vitendo: nunua kwa kile kilichopo leo. Lami itakayokuja, soko litakalojengwa na chuo kitakachofunguliwa visiongezwe kwenye bei.

Ardhi ndiyo inayowaliza wengi. Viwanja vingi vya Kigamboni vina wenyewe wanaoishi mbali na havijajengwa kwa miaka, hivyo ni rahisi kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Ukionyeshwa kiwanja kilichopimwa, chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, uende ofisi ya ardhi kuomba upekuzi rasmi. Upekuzi utakwambia hati ni ya nani, kama kuna rehani benki, na kama kuna zuio. Hakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa. Deni la miaka kumi litakusubiri wewe. Kisha mpeleke mpima ardhi aliyesajiliwa asome bikoni zote nne, yaani mawe ya mipaka, na kuzilinganisha na ramani ya upimaji. Bikoni huhamishwa, na kuna watu wamejenga nyumba nzima kwenye kiwanja cha jirani kwa sababu ya jiwe moja lililosogezwa.

Muuzaji mwenye mume au mke alete ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi. Kama ni mali ya mirathi, dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi, na warithi wasaini. Mkataba uandikwe mbele ya wakili. Barua ya serikali ya mtaa inamtambulisha muuzaji kwamba ni mkazi, haithibitishi kwamba ardhi ni yake, na hapo wanunuzi wa maeneo yasiyopimwa wanadanganyika sana. Kwenye eneo lisilopimwa ongeza hatua moja: uliza ofisi ya mipango miji ya manispaa kama ramani ya eneo hilo inaonyesha makazi, barabara au eneo la wazi. Shamba lililokatwa vipande na dalali halijawa mtaa kwa kuchomekwa vijiti.

Na anayetamani kiwanja cha ufukweni akumbuke Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari hairuhusiwi kujenga. Kiwanja cha mita 70 kutoka majini kwenda ndani kinaweza kukuachia kipande cha kujengea chumba na veranda tu. Nina uchungu pia na kuta zinazofika hadi mchangani Mjimwema, zinazofunga njia ambazo wavuvi na watoto wa mtaani walizitumia siku zote. Ufukwe ndio utajiri mkubwa wa Kigamboni, na thamani yake inapungua kila njia moja ikizibwa.

Maji sasa yana nafuu. Novemba 2022 ulizinduliwa mradi wa visima virefu wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kwa ajili ya Kigamboni, na mitaa mingi iliyokuwa ikiishi kwa madumu ya lita 20 imepata bomba. Lakini mtandao haujafika kila mtaa, na ulipofika maji huja kwa mgawo. Usimuulize mwenye nyumba kama maji yapo. Muulize jirani yanatoka siku zipi. Familia ya watu watano inayotumia lita 60 kila mmoja kwa siku inahitaji lita 300, hivyo tenki la lita 2,000 linakupeleka siku sita. Tenki hilo likijaa lina uzito wa tani mbili: lijengee mnara wa tofali na zege, usiliweke kwenye vyuma, kwa sababu hewa ya chumvi inavila.

Visima vifupi vya karibu na bahari vina chumvi. Vikivutwa sana, maji ya bahari yanaingia kwenye mwamba na kisima kilichokuwa kitamu kinageuka. Jaribu kwa sabuni ya mche: isipotoa povu, maji hayo yataharibu hita, yataziba bomba la mvua na kukausha bustani. Na kwa kuwa udongo ni mchanga, uchafu unasafiri. Kisima kikae angalau mita 30 kutoka shimo la choo, likiwemo la jirani.

Anayejenga ajue chumvi ndiyo adui wake. Kataa mchanga wa baharini kwa namna yoyote. Unakula nondo kutoka ndani na plasta inatoa unga mweupe. Zege lifunike nondo kwa milimita 40 hadi 50. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 25 hadi 30 za inchi 6. Anayekutolea 45 anakuuzia mchanga. Bati la geji 28 linavumilia kuliko la 32, na misumari iwe ya kuzuia kutu. Kiwanja kikague Aprili, masika yakiwa yamekolea. Sehemu za mabondeni na zilizo karibu na mikoko maji yako juu, na shimo la choo linajaa maji ya ardhini kabla hujalitumia.

Umeme hauna mengi ya kusema, ila nyumba iliyo mwisho wa laini hupata umeme dhaifu jioni. Angalia taa zinavyofifia. Mpangaji akubaliane na mwenye nyumba nani anabeba kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Matibabu ya kawaida yapo Vijibweni na hospitali ya wilaya Gezaulole, lakini rufaa ni Temeke au Muhimbili, kwa hiyo mwenye mgonjwa wa kudumu au mjamzito akae upande wa daraja, si ndani ya Kimbiji. Wikendi na sikukuu, Mjimwema kuna muziki hadi usiku wa manane.

Ukiamua, panga kwanza nyumba Kibada au Vijibweni kwa miezi sita, usikubali kulipa mwaka mzima, ili uwahi kuondoka kama safari imekushinda. Ada ya dalali ni kodi ya mwezi mmoja. Ilipe ukishapata mkataba na ufunguo, na maji umeyafungua mwenyewe bombani.