Kabla Hujanunua Mashine ya Uzi: Vifaa vya Kukatia Majani, Kuanzia Kinachofaa Zaidi

Masika yakikolea uwanja hauchelewi. Wiki mbili tu majani yako magotini, ya tatu jirani anaanza kukutajia nyoka, na bwana afya naye hayuko mbali. Hapo ndipo watu wanapokimbilia dukani kununua ile mashine ya kubeba begani inayokata kwa uzi wa nailoni. Kwa nyumba nyingi ni hela iliyopotea. Uzi unafaa majani laini kandokando ya ukuta. Ukikuta mabua yaliyokomaa unakatika, ukigusa seng'enge unakatika, na ukizungukia mpapai au mwembe mchanga unachuna gome pande zote; mti unakauka huku wewe unalaumu mchwa.

Namba moja kwangu ni fyekeo, au kwanja kama wengi tulivyoliita shuleni, lile lililoandikwa kwenye orodha ya vifaa vya kidato cha kwanza pamoja na jembe na ndoo. Kwa uwanja wa kawaida wa nyumba halina mpinzani, wala halinywi petroli. Shida ni kwamba mengi ya siku hizi ni bati lililopakwa rangi. Kwa hiyo lijaribu hapohapo dukani: bonyeza ncha sakafuni kidogo, kisha achia. Chuma kizuri kinapinda na kurudi. Kibovu kinabaki kimepinda. Angalia pale mpini unapoungana na chuma. Panatakiwa ribiti zilizogongwa zikakaza, si msumari mmoja uliokunjwa. Halafu simama kama unayefyeka uone mkunjo wa chini unalalaje. Kama wewe ni mrefu na fyekeo ni fupi, mpelekee fundi wa kuchomelea aongeze kipande cha bomba, la sivyo jioni utarudi umeshika kiuno. Nunua pia tupa ya kunolea, maana fyekeo jipya huja butu. Noa pande zote mbili, ukisukuma tupa kuelekea mbele tu bila kuiburuza kurudi. Na fyeka asubuhi umande haujakauka: majani mabichi yanakatika, yaliyonyauka yanalala tu.

Namba mbili ni mashine ileile ya begani, lakini iliyofungwa kisu cha chuma. Hii ni ya mwenye ekari na kuendelea, mwenye minazi au mikorosho ya kufyekea chini. Mashine nyingi hukubali uzi na kisu, hivyo uliza kama kisu na ngao yake vimo kwenye boksi. Meno matatu ni ya majani marefu na vichaka. Meno mengi ni ya vijiti na mabua magumu. Kwenye injini, ya mipigo miwili inataka petroli iliyochanganywa na oili yake maalumu: kitabu kikisema 1 kwa 25, ni mililita 40 kwa lita, kikisema 1 kwa 50, ni mililita 20. Kijana wa kazi akisahau oili, pistoni inakwama ndani ya injini. Ya mipigo minne, kama Honda GX35, oili inakaa pake na petroli pake. Bei iko juu, lakini hakuna kubahatisha. Vaa miwani na buti, na watu wakae mita 15 au zaidi, kwa sababu jiwe likigongwa na kile kisu halichagui mtu.

Jembe linafuata, kwa njia na kuzunguka nyumba, kwa kuwa ndilo linalong'oa. Ila usilitumie kwenye mteremko kabla ya mvua, udongo wote utahamia kwa jirani. Na ndago hazitishiki na jembe: vile viazi vyake vidogo vikibaki ardhini vinachipua upya.

Ile mashine ya kukatia majani ya kusukuma kwa mkono, aliyoibuni Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, ni nzuri kwa ukoka uliotandazwa sawasawa na unaokatwa kila wiki. Majani yakipita kifundo cha mguu, inakwama. Mundu ni wa kukatia ng'ombe majani. Mbuzi? Atamaliza mchicha na maua yako kwanza.

Mkiani naweka dawa ya kuua magugu. Glaifoseti inaingilia majani hadi mizizini, na matokeo huonekana baada ya wiki moja hadi mbili. Haichagui, ukoka nao unakufa. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, ingawa mamlaka nyingine za udhibiti hazikukubaliana nao. Kama ndago zimekushinda kabisa, tumia mbali na mboga na kisima, siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua. Nunua chupa iliyofungwa yenye lebo na namba ya usajili, na muuza duka akitaka kukupimia kwenye chupa ya maji ya kunywa, nenda duka jingine.