Zanzibar na watoto wawili: chumba kinachotazama bahari

Baba watoto alitaka Dubai. Lakini kwetu Uganda likizo ya muhula wa pili huangukia mwishoni mwa Agosti, na Agosti joto la Dubai hupita nyuzi 40. Ukiwa na mtoto wa miaka miwili utashinda madukani toka asubuhi, urudi Entebbe na madeni. Mombasa tulishakwenda kwa basi, na safari ile na nepi sirudii. Tukakata shauri, Zanzibar. Viza hatuhitaji, masika yameshapita, na watoto wangeongea na watu kwa Kiswahili badala ya kujificha nyuma ya sketi yangu.

Tulifikia Jambiani, upande wa mashariki. Nilimlipia mwenye hoteli pesa ya ziada kwa chumba kinachotazama bahari. Asubuhi ya kwanza, saa nne, nafungua pazia: bahari hakuna. Mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu, mawimbi yanapasuka kule mwambani. Mkubwa wangu, miaka mitano, amezoea ziwa letu lisilohama. Akauliza, "Mama, maji nani kayachukua?"

Pale mapokezi kijana akanijibu, "Yatarudi, dada." Yalirudi kweli, saa kumi jioni, yakafika karibu na ukuta wa hoteli, kina kisichomfaa mtoto hata kidogo. Tulikuwa tumeangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na hakuna aliyetuambia. Siku hiyo nilinuna mpaka usiku.

Kesho yake mama mmoja aliyekuwa akienda kwenye mwani wake akanionyesha: maji yakipwa, hubaki vidimbwi vya magotini, vya uvuguvugu, vyenye kaa, visamaki na viti vya pweza vyekundu. Watoto walikaa humo saa mbili nzima. Ziwani kwetu nawakataza kuingia kwa kuogopa kichocho. Pale niliwaachia, mdogo akapiga funda moja la chumvi, akaniangalia kama mimi ndiye niliyeitia. Ila wavalishe viatu vya mpira, kuna wale wadudu wa miiba mirefu.

Saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kabla hujalipa hoteli, uliza maji yanapwa saa ngapi siku zako, au chagua maji mafu, siku ambazo hayajai wala kupwa sana. Wanaotaka kuogelea wakati wote waende Nungwi au Kendwa, upande wa kaskazini, huko hayaendi mbali.

Kisiwa cha Changuu tulikwenda kuona kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Watoto walifurahi, mimi sikufurahi: boti haikuwa na jaketi la kuokolea la saizi ya mdogo, nikamshika kiunoni njia nzima.

Jambo jingine, kadi ya njano. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anayetoka Uganda anaihitaji, na chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Sisi tulikumbuka ya mdogo zikiwa zimebaki siku 12.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya lile pazia.