TAHADHARI: Fundi wa vichwa vya treni ndogo anayeweka dikoda bila kuihami mota

Wakuu, kama una kichwa cha zamani cha treni ndogo na unatafuta mtu wa kukitengeneza na kukiwekea dikoda (kifaa kidogo kinachopokea amri za mfumo wa dijitali na kuendesha mota na taa), soma hapa kabla hujatuma mzigo. Kuna fundi anayejitangaza mtandaoni na kupokea kazi kwa posta. Picha zake safi, maneno yake matamu. Mimi amenitia hasara, na sasa najua siko peke yangu. Jina silitaji, ila nitaeleza kazi yake ilivyo ili mumtambue kwa mikono yake.

Nilimtumia kichwa cha skeli ya HO, kile cha reli za milimita 16.5, cha enzi za umeme wa kawaida wa volti 12. Mota ilikuwa nzima, nyaya tu ndizo zilizochoka. Siku ya kunirudishia alituma video kikizunguka vizuri kabisa, akasema "tayari ni cha dijitali". Nikamalizia malipo. Kilipofika nikakiweka relini. Kikaruka mbele kwa kasi ya ghafla, kikasimama, na mara chumba kikajaa harufu ya plastiki inayoungua. Kufungua bodi, yaani umbo la nje la kichwa, nakuta dikoda imefura katikati na ganda lake limetoboka kitundu cheusi, kidogo kama kichwa cha pini.

Nilipomwandikia alijibu haraka: stesheni yako (kile kifaa kinachopeleka umeme na amri kwenye reli) inatoa volti nyingi, umeiunguza mwenyewe, nitumie tena pamoja na pesa ya dikoda mpya. Lakini kwenye reli hizohizo na stesheni hiyohiyo nina vichwa vingine vinavyotembea kila siku bila shida yoyote. Ndipo nikachukua mita.

Iko hivi. Kwenye vichwa vingi vya zamani, kaboni moja ya mota (kipande kinachoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka) inapata umeme kutoka kwenye chesisi, na chesisi inaupata kwenye magurudumu ya upande mmoja. Kwa umeme wa kawaida hakuna ubaya, ndivyo vilivyoundwa. Ukiweka dikoda mambo yanabadilika: mota isiguse chochote isipokuwa nyaya mbili za dikoda, wa chungwa na wa kijivu. Umeme wa reli unaingia kwa waya mwekundu upande wa kulia na mweusi upande wa kushoto. Rangi hizo ni za viwango vya NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni ndogo, na dikoda nyingi zinazifuata. Kaboni ikibaki inagusa chesisi, umeme wa reli unakutana uso kwa uso na umeme unaotoka kwenye dikoda, na dikoda inakufa.

Nikachomoa dikoda iliyoungua, nikagusisha ncha moja ya mita pale waya wa kijivu unapoungana na mota, nyingine kwenye gurudumu la kushoto. Mita ikalia, maana yake umeme unapita kati ya hizo mbili. Ilitakiwa iwe kimya. Nikaitoa mota kwenye chesisi: kibati cha kaboni ya chini kilikuwa kimelala juu ya chuma kitupu, na waya wa kijivu umelehemiwa hapohapo juu ya kibati. Pembeni kuna kipande cha tepu ambacho hakifiki hata nusu yake. Maana yake alijua panatakiwa kuhamiwa, akaacha.

Halafu ile video. Niliirudia mara kadhaa ndipo nikaona: taa ya mbele inaanza hafifu, inazidi kung'aa kadiri kichwa kinavyoongeza kasi. Hiyo ni balbu inayokula umeme uleule wa mota. Kwenye dijitali taa inawaka vilevile hata kichwa kikiwa kimesimama. Aliirekodi kabla ya kuweka dikoda, kisha akaniambia ni baada. Hili limeniuma kuliko dikoda yenyewe.

Mwenzetu mwingine alirudishiwa chake ekseli moja ikiwa imegeuzwa, gurudumu lenye kihami likaja upande usio wake. Kila akikiweka relini ni shoti, stesheni inakata. Mwingine taa za LED ziliungua kwa sababu hakukuwa na resista. Na viungo vyote nilivyoviona vimeanza kuota ukungu wa kijani, dalili ya dawa ya kulehemia yenye asidi, ile ya mabomba, ambayo haifai kabisa kwenye nyaya nyembamba kama hizi.

Kama kichwa chako kimetoka kwake, usikiweke kwenye reli kuu. Fungua bodi, chomoa dikoda, pima kila ncha ya mota dhidi ya magurudumu ya pande zote mbili na dhidi ya chesisi. Ikilia popote, usiendelee. Ikiwa kimya, rudisha dikoda na uanzie reli ya kuprogramu (kipande cha reli kilichotengwa kwa kusoma na kupanga dikoda), kwa kuwa huko stesheni inabana umeme, na kosa la waya lina nafasi ndogo ya kuunguza kitu. Jaribu kusoma anwani, yaani namba ambayo stesheni hukiitia kichwa. Dikoda mpya huwa na 3. Isipojibu, kagua viungo vya mota kwanza, kwa sababu dikoda hujibu kwa kuishtua mota kidogo.

Atakuambia ukifungua bodi dhamana imekwisha. Mimi aliniambia hivyo pia. Fungua tu, na upige picha waya wa kijivu kabla hujagusa kitu. Picha hiyo ndiyo iliyomfanya aache kunijibu, na pesa yangu hajarudisha hadi leo.